Oili imepungua na dukani hakuna kama yako: jinsi ya kuchanganya oili kwenye gari la zamani

Maswali haya yananifikia karibu kila wiki hapa gereji, Dodoma. "Fundi, mara ya mwisho niliweka 20W-50, sasa imepungua na dukani ipo 15W-40 tu. Niongeze au niache?" "Gari nimenunua kwa mtu, sijui aliweka oili gani." "Nimeambiwa sinthetiki ikikutana na oili ya kawaida inaganda kama uji, ni kweli?" Nimejibu kwenye simu, nimejibu nikiwa nimelala chini ya gari, na leo nayaandika yote pamoja ili anayehitaji ayapate kabla hajakwama.

Nianze na mzee mmoja aliyekuwa anatoka Kondoa na Corolla yake. Kabla hajafika Haneti taa ya oili ikaanza kupepesa kwenye kona, kisha ikawaka moja kwa moja. Kwenye buti alikuwa na galoni ya 15W-40, haijafunguliwa. Ndani ya injini kulikuwa na 20W-50, na mtu alishamwonya asije akachanganya. Akaogopa kuchanganya, akaendesha hivyo hivyo mpaka mjini. Nilipofungua sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, nilikuta imebaki oili isiyozidi lita moja na nusu, nyeusi tititi, na ndani yake vipande vidogo vinang'aa kama magamba ya dagaa. Beringi za konrodi, zile zinazokumbatia krenki (shafti kuu ya injini), zilikuwa zimelika hadi rangi ya shaba inaonekana. Ile galoni ilikuwa bado ina sili yake.

Kwa hiyo shika hili kwanza: oili mbili nzuri za injini zikikutana haziui injini. Kinachoiua ni kukosa oili, au kuwekewa kitu ambacho si oili ya injini. Hata mpangilio wa API (taasisi ya mafuta ya Marekani), ambao herufi zake unaziona kwenye galoni nyingi, unataka oili ya injini iweze kuchanganyika na oili nyingine za injini bila kujitenga wala kuganda. Habari ya uji si kweli. Kinachotokea ni kwamba mchanganyiko unapoteza sehemu ya ubora wa ile oili nzuri zaidi, kwa hiyo unauhesabu kama ile ya chini kati ya hizo mbili.

Mwongozo huu ni wa magari ya zamani tunayoyaona kila siku barabarani: Corolla za miaka ya 90, Noah, Hiace, Hilux, Carry, Land Cruiser zenye injini ya dizeli ya 1HZ na wenzake. Kama gari lako ni la dizeli la kisasa lenye chujio la masizi kwenye ekzosi, au kitabu chake kinadai 0W-20, usifuate haya. Hayo yana masharti yake.

Vitu vya kuwa navyo

Kitambaa safi kisichotoa nyuzi, au karatasi ya chooni ukikosa. Faneli, na ukikosa kata chupa ya maji sehemu ya shingo. Oili ya injini ambayo sili yake haijavunjwa. Kalamu na kipande cha karatasi. Tochi, kwa sababu dipstiki (vijiti vya kupimia oili) za Hiace na Noah zimejificha. Chupa ya plastiki nyeupe inayoonyesha ndani kama unataka kufanya kipimo nitakachoeleza mbele. Ukiwa msafiri wa Manyoni, Mpwapwa au Mtera, beba lita moja ya oili ile ile iliyomo kwenye injini kila unapotoka. Hiyo lita inakuondolea shida zote zilizoandikwa hapa.

Kusoma galoni kwa dakika mbili

Kuna mambo mawili tu ya kuangalia.

La kwanza ni namba, mfano 15W-40. Namba ya mbele yenye W inahusu baridi wakati wa kuwasha. Oili ya 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na ya 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Dodoma hata ule upepo wa Juni na Julai unaotutoa machozi asubuhi haufiki popote karibu na hapo. Kwa hiyo huku kwetu namba ya mbele isikunyime usingizi. Namba ya nyuma ndiyo ya kuangalia: ni uzito wa oili injini ikiwa imepata moto. Ya 30 ni nyepesi, 40 ya katikati, 50 nzito.

La pili ni herufi za API. Zinazoanza na S ni za petroli: SL, SM, SN, SP, na kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo oili ilivyo mpya zaidi. Zinazoanza na C ni za dizeli: CF-4, CH-4, CI-4, CK-4. Galoni nyingi zinazouzwa kwetu zina zote mbili, mfano CI-4/SL. Hiyo inaingia kwenye petroli na dizeli za zamani bila ugomvi, na ndiyo naipenda zaidi kwa mtu anayesafiri.

Rangi ya oili achana nayo. Kuna oili mpya ya kijani na ya dhahabu, na oili ya dizeli inageuka nyeusi ndani ya siku chache kwa sababu inabeba masizi. Hiyo ni kazi yake.

Hatua kwa hatua

1. Paki sehemu tambarare, zima injini, subiri dakika 5 hadi 10 oili irudi chini kwenye sampu. Nimeona watu wanapima gari likiwa limeegemea mtaro wa barabara, kisha wanaongeza lita nzima isiyohitajika.

2. Kabla hujafungua kitu chochote, futa vumbi kwenye kofia ya oili na kuzunguka dipstiki. Naisisitiza hii kwa sababu ya mahali tunapoishi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo wa huku unapandisha vumbi jekundu ambalo lina mchanga ndani yake. Sugua kidogo kati ya vidole utausikia unakwaruza. Chembe ile ikidondokea kwenye tapeti (vyuma vinavyosukuma valvu) inazunguka na oili, na inapopita inakwangua. Mtu anakuwa makini kuchagua namba ya oili halafu anaingiza msasa kwa mkono wake.

3. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena usome. Kwenye magari mengi madogo nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja. Oili ikiwa katikati, huna dharura. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza sasa. Kama kijiti kimetoka kikavu, usiwashe tena injini kabla hujaongeza.

4. Iangalie na kuinusa ile iliyobaki kwenye kijiti. Nyeusi ni kawaida. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Harufu kali ya petroli maana yake mafuta yanashuka kwenye sampu. Vipande vya chuma vinavyong'aa ni beringi. Ukikuta kimojawapo kati ya hivi vitatu, kuongeza oili hakutakusaidia. Itisha gari la kuvuta.

5. Tafuta oili iliyomo ndani ni ipi. Angalia kikaratasi kwenye kofia au pembeni mwa mlango, mpigie fundi aliyemwaga mara ya mwisho, au aliyekuuzia gari. Ukikosa jibu kabisa, usihangaike. Kwa gari la zamani la huku, mara nyingi ni 20W-50 au 15W-40 ya kawaida. Ichukulie hivyo na uendelee hatua ya 6.

6. Chagua ya kuongeza. Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bora kabisa ni namba ile ile na herufi zile zile, hata kama kampuni ni nyingine. Kampuni tofauti si tatizo.

Ukikosa, chukua yenye namba ya nyuma iliyo sawa au jirani. Gari lina 20W-50, dukani kuna 15W-40: weka. Mfano injini inabeba lita 4, zimebaki 3 za 20W-50 nawe umeongeza moja ya 15W-40. Mchanganyiko wako bado unaegemea uzito wa 50. Injini haitahisi. Lakini kuongeza lita mbili za 5W-30 kwenye injini iliyochoka, kwa joto la Novemba na mzigo wa magunia ya mahindi kutoka Kibaigwa, hilo sikushauri. Litakufikisha nyumbani ukiendesha taratibu, ila oili itapungua haraka na presha itashuka gari likiwa limesimama linaunguruma.

Sinthetiki (oili iliyotengenezwa kitaalamu kiwandani) na ya kawaida? Weka. Umepoteza hela kidogo tu, kwa kuwa sinthetiki yako sasa inafanya kazi ya oili ya kawaida.

Oili ya dizeli kwenye injini ya petroli ya zamani: inakubalika, hasa ikiwa na herufi za S pia. Ukiizoesha kwa miaka, baadhi ya viungo vyake vinachosha katalisti ya ekzosi (kifaa cha kusafisha moshi), kama gari lako bado linayo. Oili ya petroli peke yake kwenye dizeli: ni ya kukufikisha mjini tu, kwa sababu haina nguvu ya kubeba masizi ya dizeli.

Sasa ile ambayo utaikuta kila kijiji hata pasipo na duka la vipuri: oili ya bodaboda. Kama ni ya injini ya stroku 4, imeandikwa 20W-50 au SAE 40 na ina herufi ya S kama SL, iongeze kwenye gari lako la petroli bila hofu. Tofauti yake ni kwamba haina vilainishi vya ziada, kwa kuwa klachi ya pikipiki inaogelea humo humo ndani ya oili na ingeteleza. Gari halijali hilo. (Kinyume chake ndicho kibaya: oili ya gari yenye vilainishi hivyo inaweza kuifanya klachi ya boda iteleze, kwa hiyo usimuuzie kijana wa boda masalia yako.) Iliyoandikwa 2T ni ya kuchanganya na petroli kwenye injini za stroku 2. Hiyo usiiweke.

Kuna pia oili ya kupima, inayotoka kwenye pipa au dumu lisilo na jina. Mimi siigusi. Hujui kama ni oili chafu iliyochujwa. Ikiwa ndiyo pekee iliyopo na injini iko kavu, weka mpaka alama ya chini tu, nenda taratibu, na umwage siku hiyo hiyo ukifika.

7. Mimina kidogo kidogo. Robo lita, subiri dakika mbili tatu, pima. Lenga katikati ya alama mbili hadi karibu na ya juu, usivuke. Oili ikizidi, krenki inaipiga kama mtu anayekoroga mayai, inajaa hewa na povu, na povu halilainishi beringi. Ikizidi sana inatafuta pa kutokea kwenye sili.

8. Funga kofia, washa, macho kwenye taa ya oili. Taa inatakiwa izimike ndani ya sekunde chache. Isipozimika, zima injini. Ikizimika, acha iungurume dakika moja, zima, subiri, pima tena. Chungulia chini ya gari.

9. Andika: tarehe, kilomita, kiasi ulichoongeza, namba na herufi zake. Bandika chini ya boneti. Wiki mbili baadaye hutakumbuka, na fundi wako atakuuliza.

10. Panga siku ya kumwaga. Utaratibu wangu ni huu. Ukiongeza oili ya namba na herufi sawa, fuata ratiba yako ya kawaida ukihesabu kutoka oili ya kwanza, si kutoka siku ya kuongeza. Ukichanganya namba au aina tofauti kwa lita moja hivi, mwaga ndani ya kilomita 1,000 hadi 2,000. Ukiwa hujui kabisa kilichomo, au nusu ya oili ni ya wasiwasi, mwaga wiki hiyo hiyo. Kwa ratiba ya kawaida ya gari la zamani na barabara zetu za vumbi, mimi namwaga kila kilomita 3,000 hadi 5,000.

Visivyochanganywa kamwe

Mafuta ya breki. Hata nusu kikombe yanavimbisha sili za mpira za injini. Nimeletewa gari ambalo kijana alishika kichupa kibaya gizani. Tulimwaga na kubadilisha filta kabla halijawashwa, na ndiyo maana lilipona. Kama umekosea, usiwashe.

Oili ya gia, ile nzito yenye harufu ya salfa. Viungo vyake vinakula shaba iliyomo kwenye injini. Oili ya gia boksi la otomatiki na haidroliki nazo zina kazi zake. Oili ya kompresa ya AC haikubaliani kabisa na ya injini. Mafuta ya kupikia, ambayo nimeulizwa zaidi ya mara moja, yanaungua na kuacha gundi.

Tena, usioshe injini kwa dizeli kabla ya kuweka oili mpya. Najua inafanyika. Dizeli inabaki kwenye vijia na kuifanya oili mpya iwe nyepesi, na uchafu ulioachia kwa mkupuo unaenda kuziba kichujio cha pampu. Badala yake mwaga mapema mara mbili, na kila mara weka filta mpya.

Kipimo cha chupa

Wanaotaka kuhakikisha wafanye hivi. Mimina vifuniko vitano vya oili ya galoni la zamani kwenye chupa ya plastiki, na vitano vya oili mpya. Tikisa, weka dirishani mpaka kesho. Ikiwa imebaki kitu kimoja, hakuna maji mengi wala kitu kisichochanganyika na oili. Ukiona tabaka mbili, mawingu meupe au ute chini, moja kati ya hizo mbili si oili ya injini au imechakachuliwa. Kipimo hiki kinakamata oili mbaya sana tu. Hakikuambii kama oili ni bora.

Kumwaga mchanganyiko

Kwa wanaofanya nyumbani: pasha injini dakika 5, zima. Weka mawe kwenye matairi na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Fungua nati ya sampu juu ya beseni, acha idondoke mpaka itoe tone moja moja. Weka washa mpya ya nati (pete ya kuzuia kuvuja), uifunge nati, kisha toa filta ya zamani. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, ifunge kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza kama robo tatu ya mzunguko. Mimina kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu: saluni ndogo nyingi ni lita 3 hadi 4, na 1HZ inachukua zaidi ya 9. Oili chafu weka kwenye dumu lenye kifuniko umpe mkusanyaji. Usiimwage uani, maana maji ya visima ndiyo tunayokunywa. Osha mikono kwa sabuni.

Matatizo baada ya kuchanganya

Moshi wa bluu unaongezeka. Kama ni asubuhi ukiwasha tu, ni sili za valvu. Kama ni ukikanyaga mwendo, ni ringi. Mchanganyiko mwepesi umeonyesha tatizo ambalo lilikuwepo. Rudi kwenye 20W-50, kisha kagua filta ya hewa na mpira wake, kwa sababu vumbi linalopenya pale ndilo linalomaliza ringi huku kwetu.

Gari limeanza kuvuja baada ya kuweka sinthetiki. Sili zilikuwa zimechoka na uchafu ulikuwa umeziba nyufa. Sinthetiki imesafisha. Badilisha sili, au rudi kwenye oili ya kawaida kama kitabu kinaruhusu.

Povu kwenye dipstiki. Oili imezidi, au kuna maji. Kama imezidi, punguza mpaka alama kwa kulegeza nati ya sampu au kufyonza kwa bomba.

Ute mweupe chini ya kofia tu, dipstiki ni safi. Mara nyingi ni unyevu wa safari fupi fupi, kama za kutoka Makole kwenda sokoni na kurudi. Endesha safari moja ya nusu saa, futa, angalia tena. Kama dipstiki nayo ina rangi ya maziwa na maji ya rejeta yanapungua, ni hedi gasketi.

Tapeti zinalia. Pima kwanza. Kama oili ipo na ni nyepesi kuliko uliyozoea, mwaga uweke uzito wa gari lako. Zikiendelea, ni marekebisho ya valvu.

Taa ya oili inawaka gari likiwa limesimama, ukikanyaga inazimika. Mara nyingi oili ni nyepesi mno au imeingiliwa na mafuta ya petroli. Kama umeshaweka oili sahihi na bado inawaka, usikubali kubadilishiwa swichi ya taa peke yake. Mwambie fundi atoe ile swichi afunge geji ya presha mahali pake, asome injini ikiwa ya moto, nawe usimame hapo uone namba kwa macho yako.